Uvimbe umetolewa, sasa kemo ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwanamke wa miaka 55, mkazi wa Kigamboni, nauza samaki pale soko la Feri tangu wanangu wakiwa wa kubeba mgongoni. Nilipata saratani ya utumbo mpana, sehemu ya mwisho kabisa inayoitwa puru, ile inayotunza haja kubwa kabla haijatoka. Nikachomwa mionzi, nikapasuliwa, kisha nikapewa kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani. Nakuandikia kuhusu hiyo kemo ya mwisho, ya baada ya upasuaji.

Kila Oktoba magazeti yanatueleza saratani ya matiti, na ya mlango wa kizazi nayo haisahauliki. Huku tunakokalia hakuna anayetaka kukutaja. Mtu anatoka damu chooni mwaka mzima anapakwa dawa za bawasiri zinazouzwa kwenye madaladala, anaona aibu hata kumwambia mumewe. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, na sisi tunaficha hata mahali pasipo pa kuzaa. Damu ikirudi rudi, au ukimaliza haja na bado unahisi haijaisha, nenda ukapimwe kwa kamera. Kliniki nilikaa na kijana wa Masasi ambaye hata arobaini hajafika, na ugonjwa ni huu huu wangu mimi mama mtu mzima. Hilo naliachia hapo, lina barua yake.

Nilichokiona kwenye yale mabenchi ni kwamba wagonjwa wengi hawakimbii kisu. Kisu wanakikubali, ndugu wanachanga, damu inatolewa. Wanapotea baadaye. Kidonda kimepona, mtu amerudi kula ugali wake na uso umejaa, halafu anaambiwa arudi aanze dripu na vidonge kwa miezi minne au sita. Nyumbani wanauliza: uvimbe si umetolewa? Sasa kemo ya nini?

Wifi yangu aliuliza hivyo hivyo, tena mbele ya wageni waliokuja kunijulia hali. "Wifi, wameshakukata, sasa wanataka wakumalizie na sumu?" Wageni wakatikisa vichwa. Mama mkubwa wa Kilwa yeye alikwisha panga safari: nikapumzike kwake mpaka Ramadhani iishe, nirudi nikiwa na nguvu. Kwa nia njema kabisa.

Jibu nilipewa na daktari, na nalirudia kama nilivyolielewa. Wakishakata kipande cha utumbo wanakipeleka maabara pamoja na tezi za limfu, vile vituo vidogo vya kinga, zilizokizunguka. Wanataka wapate tezi zisizopungua 12 za kuchunguza ili majibu yawe ya kuaminika. Zangu tatu zilikutwa na saratani. Hiyo ndiyo wanayoita hatua ya tatu. Picha za ini na mapafu zilionekana safi, na huko ndiko ugonjwa huu unakokimbilia zaidi ukitoka utumboni, lakini kipimo cha picha hakioni chembe chache zilizojificha. Ukipara samaki, magamba makubwa unayaona yakiruka, madogo utayakuta jioni kwenye nywele. Kisu kimetoa kinachoonekana. Kemo inapita na damu kutafuta kilichobaki, kama kipo.

Kama kipo. Hapo ndipo penye ugumu, maana unaumwa na dawa kwa ajili ya kitu ambacho huenda hakimo. Daktari hakunificha. Alisema kwa saratani ya puru, hasa kwa mtu aliyekwisha pata mionzi kabla ya upasuaji, faida ya kemo ya baadaye haina uhakika kama ilivyo kwa saratani ya utumbo mpana ulio juu yake, na madaktari wenyewe bado wanabishana. Siku hizi kuna wagonjwa wanaopewa kemo yote kabla ya kisu. Wengine hawahitaji kabisa. Kwangu mimi, kwa zile tezi tatu, alishauri niipate, na alitaka nianze ndani ya wiki nane tangu upasuaji, kidonda kikiruhusu, kwa sababu kadiri unavyochelewa ndivyo faida inavyopungua. Nilimpenda kwa kunieleza hivyo. Nikamwambia Mama mkubwa, Kilwa nitakuja Mungu akipenda, si sasa. Na kuhusu kufunga, vidonge vinamezwa asubuhi na jioni ndani ya nusu saa baada ya kula, na ustadhi wa mtaani kwetu alinikumbusha mwenyewe kuwa mgonjwa ana ruhusa.

Kwa hiyo siandiki ili kila mtu alazimishwe kemo. Naandika kuhusu wale walioikubali, wakaianza, halafu wakaiacha njiani kwa vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyewaambia mapema. Nitakutajia nilivyokutana navyo.

Kwanza barafu. Dawa zangu zilikuwa mbili. Oksaliplatini inaingia kwa dripu siku ya kwanza, kama saa mbili hivi. Kapesitabini ni vidonge, siku 14 unameza, siku 7 unapumzika, halafu damu inapimwa na mzunguko unaanza upya. Siku ya dripu ya kwanza nesi aliniambia, "Mama, usinywe baridi." Basi, akaenda kwa mwingine aliyekuwa anamngoja. Kila mtu aliyewahi kukohoa ameambiwa asinywe baridi. Hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani.

Mhariri, mimi maisha yangu ni barafu. Alfajiri nikishanunua mnadani, vibua na changu na nguru akipatikana, kila kitu kinaingia kwenye deli na barafu iliyopondwa. Siku ya tatu baada ya dripu nikatia mkono mle. Siwezi kusema ni maumivu. Ni umeme. Vidole vilikakamaa vyenyewe, nikamwachia changu wa watu akaanguka sakafuni. Mchana mjukuu akaniletea maji ya friji kwa adabu zake zote, nikapiga funda moja, koo likajifunga. Nilidhani ndiyo nakufa, pale pale jikoni na kikombe mkononi. Baadaye nikaelezwa kwamba hewa inapita kama kawaida, ni mishipa ya fahamu ya koo inayodanganywa na baridi, na kwamba ukitulia na kunywa kitu cha vuguvugu inaachia. Ningeambiwa kabla, nisingewatia wanangu hofu ile.

Baridi yenyewe haihitaji kuwa barafu. Chuma cha pantoni, kile kivuko kinachonitoa Kigamboni hadi Feri, alfajiri kinatosha. Upepo wa kusi wa mwezi wa saba unapovuka Magogoni ulinifanya nijifunike kanga mpaka puani, watu wakidhani nimekuwa mshika dini sana. Hata tonge la kwanza la chakula, la moto, lilikuwa linabana taya kwa sekunde kadhaa, halafu yaliyofuata yanapita salama.

Nilifanyaje? Siku za kwanza baada ya kila dripu nilimwachia barafu kijana wangu wa kazi, mimi nikashika hesabu. Nikavaa glovu za sufu ndani na za mpira juu. Maji nikanywa ya chupa ya chai. Mambo mepesi, lakini mwenzangu mmoja wa kliniki, mama wa mgahawa, koo lilipomfunga hivyo hivyo alisema dawa imemkataa, hakurudi tena. Nilimpigia simu, akanijibu kwa upole kwamba ameamua kumwachia Mungu.

Halafu ganzi. Ile ya baridi inapita baada ya siku chache, lakini kila dripu inaacha mabaki, na mabaki yanajumlishana. Mimi sarafu ya mia na ya mia mbili nilikuwa nazitofautisha ndani ya mfuko wa aproni kwa kidole tu, bila kutazama. Sasa nazitoa nje nizione. Miba ya samaki inanichoma na sijui mpaka nione damu. Nilipomwambia daktari, alipunguza kipimo cha oksaliplatini, na baadaye akaiondoa kabisa, nikamalizia na vidonge peke yake. Nawaomba wenzangu wasikie hili: ganzi ikianza kukaa mpaka dripu inayofuata, isemwe. Wengi wananyamaza wakiogopa kukatiwa dawa, wengine wananyamaza na kutoweka. Kupunguziwa kipimo si kufukuzwa kwenye tiba. Na mtu asishtuke ganzi ikizidi kidogo hata baada ya kumaliza dozi zote, inaweza kufanya hivyo kabla haijaanza kurudi nyuma. Yangu inarudi nyuma polepole sana.

Nywele zangu, kwa taarifa ya wote, hazikutoka. Zilipungua kidogo, basi. Dawa hizi mbili kwa kawaida hazimwachi mtu kipara. Ungedhani ni neema, lakini mtaani ikawa ushahidi dhidi yangu. Mchango wa kikundi chetu cha akina mama ulichelewa kwa sababu kuna waliosema, "Mbona ana nywele? Mgonjwa wa kemo tunamjua alivyo." Jamani, mnataka nijinyoe ndipo mnisaidie?

Nifike kwenye vidole, maana hapa ndipo nilipokereka hasa.

Kapesitabini inaharibu ngozi ya viganja na nyayo. Karatasi niliyopewa, ya Kiingereza, nikasomewa na binti yangu, ilisema viganja vitakuwa vyekundu. Vyangu havikuwa vyekundu hata siku moja. Vilikuwa vyeusi, vikang'aa, kisha vikaanza kubabuka kama nimeshika sufuria la moto. Mtu mweusi akingoja wekundu atangoja sana. Nilipaka mafuta ya mgando asubuhi na usiku, nikaacha maji ya moto na viatu vya kubana, na kazi ya kupara samaki nikaikabidhi. Ngozi ikatulia. Lakini alama za vidole zilifutika.

Sikujua hilo mpaka simu yangu ilipodondoka majini ukingoni pale Feri na laini ikazama nayo. Kwa mfanyabiashara mdogo laini ndiyo kaunta ya benki. Tangu 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Nikaenda kurudisha namba. Kijana wa dirishani akanisafisha kidole kwa spiriti, akaniambia nikisugue kichwani kipate mafuta, akajaribu vidole vyote kumi. Mashine ikakataa vyote. Akaniangalia, akasema, "Mama, wewe huna alama." Foleni nyuma yangu ikacheka. Nikamweleza ni dawa ya saratani. Akaniambia nisajili kwa jina la mtu mwingine. Yaani hela zangu ziwe za mtu mwingine kwa kuwa naumwa?

Kijana yule simlaumu, hajawahi kufundishwa. Lakini jambo hili si geni duniani. Mwaka 2009 jarida la madaktari wa saratani lilichapisha kisa cha mzee wa miaka 62 kutoka Singapore, aliyekuwa akitumia kapesitabini hiyo hiyo. Alizuiwa uwanja wa ndege Marekani kwa saa nne kwa sababu vidole vyake havisomi. Binti yangu alikipata kwenye simu yake, akanisomea, nikacheka peke yangu. Angalau mwenzangu alikuwa amekwenda Marekani, mimi ni kwa sababu ya laini.

Kisichochekesha ni cha mstaafu mmoja niliyezoea kukaa naye benchi moja. Ofisi fulani ilimtaka ahakikiwe kwa kidole ili malipo yake yaendelee. Kidole hakikusoma. Akaambiwa aje siku nyingine. Aliporudi, vivyo hivyo. Mwisho mzee akapiga hesabu zake, akaacha vidonge ili ngozi irudi. Na ilirudi, maana kwa kawaida alama hurudi baada ya wiki kadhaa ukiacha dawa. Akahakikiwa. Alipokuja kliniki kueleza kwa nini amekatisha, daktari alikaa kimya muda mrefu. Mhariri, mtu ameacha tiba ya saratani ili mashine imtambue. Naomba wahusika wa ofisi zote zinazotumia vidole watujibu kwenye gazeti hili hili: mgonjwa mwenye barua ya daktari anapitia dirisha gani? Kama utaratibu upo, basi wahudumu wenu wa mbele hawaujui. Na nyinyi mnaotarajia kuanza vidonge hivyo, malizeni shughuli zenu zote za vidole kabla: laini, uhakiki, kitambulisho, kila kitu.

Mengine nitayapitia haraka. Nilitoka upasuaji na mfuko wa choo tumboni, uliounganishwa na utumbo mwembamba, wa muda, uliofungwa baada ya kemo kwisha. Vidonge vinaharisha, na mwenye mfuko wa namna hiyo akiharisha anakaukiwa maji kwa kasi kubwa, kwa hiyo pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, zisikose ndani, na mfuko ukijaa maji matupu mara kwa mara, aende hospitali siku hiyo hiyo asingoje. Nauli sihitaji kueleza, kila anayetoka mkoani anaijua. Mimi nilikuwa na bahati ya kuvuka maji tu, wakati yule kijana wa Masasi alikuwa akifika anaambiwa chembe nyeupe za damu ziko chini, dripu haiwezekani, arudi wiki ijayo. Kulala wapi? Kwa nini damu isipimwe kwao Masasi siku moja kabla, majibu yakatumwa, ndipo apande basi?

Wifi yangu naye hakukata tamaa. Alileta majani ya mstafeli ya kuchemsha, akaleta mizizi ambayo hata jina haina, na vidonge vyekundu vya kuongeza damu kutoka duka la dawa. Niliviweka vyote kwenye mfuko nikaenda navyo kliniki, kama daktari alivyokuwa ametuagiza. Majani na mizizi akasema tuache mpaka dozi ziishe, kwa kuwa hakuna anayejua vinachanganyikaje. Vile vidonge vya damu ndivyo vilivyomshtua. Vina folik asidi ndani yake, na folik asidi inaweza kuzidisha ukali wa kapesitabini mwilini. Kitu cha kupewa kila mama mjamzito, nani angekihofia? Wifi alinuna wiki nzima, lakini tangu hapo kila anacholeta anauliza kwanza.

La mwisho ni homa. Hapa Dar es Salaam mtu akisikia mwili umechemka anajipa jibu mwenyewe: malaria. Ananunua dawa mseto, anameza panado, anajifunika. Mtu aliye kwenye kemo haruhusiwi kufanya hivyo. Katikati ya mzunguko chembe nyeupe zinashuka, kinga inakuwa haipo, na kijidudu cha kawaida kinaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Joto likifika nyuzi 38, hata kama ni usiku wa manane na hata kama unajisikia si mbaya sana, unakwenda hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe "niko kwenye kemo", kabla hujataja jina lako. Kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na kipimajoto. Ni kitu cha bei ndogo, kinauzwa duka lolote la dawa.

Ombi langu kwa hospitali zetu ni karatasi moja tu, ya Kiswahili, herufi kubwa, mgonjwa apewe kabla ya dripu ya kwanza na si baada: baridi, ganzi, viganja, vidole, kuharisha, homa, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Na yule anayempa amuulize kwanza: mama, unafanya kazi gani?

Najua barua imekuwa ndefu, Mhariri, na ukurasa wako una mipaka. Ukilazimika kupunguza, kata habari za wifi yangu, atafurahi. Ile ya homa iache.

Muuza samaki wa Feri,
Kigamboni, Dar es Salaam
(Jina kamili nimekuachia wewe Mhariri, naomba lisichapishwe)